Ndege ya Mayai na Ndege ya Abiria

Mheshimiwa Pasteur Arnaud, Maman Odette mkubwa wa wamama wote wa Albert Park, wazee wenzangu, ndugu mliopanda taxi kutoka Overport kuja kumuaga mtoto wetu Immaculée, na ninyi vijana mliochagua kusimama karibu na sufuria: nawasalimu, kila mmoja kwa cheo chake.

Mimi ni Achille, mjomba wake. Kesho anaruka kwenda Norway, juu kabisa, mahali ambapo hata bahari inaganda, kusomea ndege. Watu wananiuliza, mtoto aliyekulia Durban ataweza ile baridi? Je, mmesahau damu aliyotoka? Mimi nimefanya kazi kwenye friji kubwa ya samaki pale bandarini. Walinifungia humo Jumamosi kwa bahati mbaya. Jumatatu walipofungua mlango walinikuta nimevua koti, na neno langu la kwanza lilikuwa kuomba feni. Anayebisha aende akawaulize samaki.

Sasa niseme lile ambalo kila mtu hapa analinong'ona. Siku ile, kwenye saluni ya mama yake, Immaculée alisema mbele ya wateja, "Naenda kutafuta mercure ndani ya ndege." Eish. Sentensi moja tu ya zebaki. Ilipotoka mlangoni ilikuwa maneno. Ilipofika kwenye robot, pale taa za barabarani, ilikuwa kichupa. Ilipofika Overport ilikuwa sanduku zima. Pontien muuza simu, huyo anayeangalia viatu vyake sasa hivi, alinijia kwa heshima zote akitaka awe mshirika. Nikamwambia nafasi zimejaa.

Lakini tusimcheke sana. Nani kati yetu hajui habari za mercure rouge, ile zebaki nyekundu wanayosema inauzwa kuliko dhahabu? Nani hakuona watu wazima, kule nyumbani, wakivunja cherehani za bibi zao wakiitafuta? Na huku kwetu ndege iko ndege, iwe iko na mayai, iwe iko na abiria.

Mtu mmoja hakucheka. Yaya Marie-Jeanne, dada yangu mkubwa, mama wa mtoto, alificha pasipoti, na hata ninavyosema hivi iko ndani ya mkoba ule alioukumbatia mapajani. Sababu mnaijua. Jacques, mume wake, alikamatwa uwanja wa ndege na kichupa chake chekundu, na gereza halikumrudisha. Nilipokwenda kumweleza yaya kwamba hii ni habari nyingine kabisa, alinitazama, akasema, "Achille, mercure ni mercure."

Na iko kweli, yaya. Mtoto wako anasema hivyo hivyo. Ni sumu. Inatoka kwenye moshi wa makaa ya mawe, inapanda na upepo, inasafiri bila viza, inashuka kwenye bahari ya baridi. Vidudu vinaimeza, samaki anameza vidudu, shakwe anameza samaki, na kila anayekula anapokea ya wote waliotangulia. Shakwe hajui kitu. Anataga, na sumu iko ndani ya yai. Immaculée ataokota manyoya yao ayapime, maana unyoya unakumbuka alichokula mwenyewe, kama vile wewe unavyoshika nywele za mteja ukajua alikuwa mgonjwa.

Jacques aliambiwa mercure ni mali, akaamini. Binti yake anakwenda kuonyesha dunia kwamba ni sumu, na kuwaonyesha wanaoitoa ni nani anayeimeza. Je, kuna mjane katika ukumbi huu aliyelipiziwa kisasi vizuri kuliko hivyo?

Nitawaambia jambo moja zaidi. Mimi nilijitolea kuiiba hiyo pasipoti. Mnanijua, ningeitoa, na yaya angebaki amekumbatia mkoba akimsifu Mungu. Mtoto alinikataza. Alisema, "Mjomba, mama ataitoa kwa mkono wake, ama nabaki."

Basi, yaya, maneno yangu yamefika kituoni. Mkononi mwako ndimo safari ilimo.

Wakubwa kwa wadogo, asanteni kwa kuniazima masikio yenu huku wali unapoa.

Naona vidole vimeshika zipu. Msipige makofi bado. Ndege hushtuka.