Injini Anachagua Pikapu

Kijiwe chetu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, mbele ya kibanda changu cha kushonea viatu, na asiyejua kukaa katikati humwangusha wa pembeni. Kulia kwangu hukaa Kinyozi, ambaye wateja wake humfuata hapa hapa wakimhitaji. Kushoto hukaa Wakili, ambaye sheria hajaisomea hata siku moja, ila aliwahi kuitwa shahidi kwenye kesi ya mbuzi, na tangu hapo hasemi neno bila kuinua kidole. Kahawa hutuletea Shangazi, tunagombana naye, tunakunywa, maisha yanaendelea. Lakini asubuhi hiyo kahawa ilipoa vikombeni, maana mbele yetu ziliegeshwa pikapu mbili: nyeupe ya kebini mbili, na ya bluu ya kebini moja. Mama Vitanda alikuwa ananunua moja. Na aliyepewa kazi ya kumchagulia si mimi, si Kinyozi, si Wakili. Ni Injini.

Jina la Injini tulimpa sisi. Ndiye anayemvutia Mama Vitanda mkokoteni, tangu karakana yake ilipokuwa turubai tupu. Kitanda chochote kilichotoka pale kimetoka nyuma ya mgongo wa Injini. Na vitanda vya mama yule si mchezo, jamani. Kitanda hakitoki kabla hajapanda juu yake mwenyewe, akafumba macho, akageuka kulia, akageuka kushoto; kikilia hata kidogo, kinarudi mezani. Sasa shule moja ya bweni imemwagiza vitanda vya bweni zima, na akichelewa kuvifikisha, kazi inakwenda kwa mwingine. Mkokoteni hauwezi. Wenye magari walimwachia hizo pikapu azitazame mpaka adhuhuri, wakaenda kula. Mama akamwambia Injini mbele ya macho yetu:

“Kaka, wewe ndiye unayejua vitanda vyangu vinaumia wapi njiani. Ukisema hii, ndiyo hiyo.”

Akarudi kupiga randa. Injini akatunisha kifua, na alistahili. Sisi tukasogeza vikombe kando tukaanza kumsaidia, kwa sababu hakuna aliyetuomba.

Kinyozi: Nyeupe. Usijisumbue hata kuwaza. Itazame usoni, ilivyokunja ndita! Ikiingia uani kwa mteja, mteja hathubutu kuomba apunguziwe.

Mimi: Gari lina uso?

Kinyozi: Mimi nashika vichwa vya watu kutwa nzima, unanifundisha uso? Hiyo ya bluu ina sura ya mtu anayekubali kila kitu. Wataionea.

Wakili: (kidole juu) Ndugu zangu! Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kinyozi: Enhe?

Wakili: Pikapu zote mbili zinajitembeza. Kwa hiyo kisheria zote ni mbaya. Kazi yetu ni kutafuta ubaya ulio nafuu.

Injini: Wakili, kunywa kahawa yako.

Injini hakuwa amekaa. Alikuwa anaizunguka ya bluu, mikono nyuma, akiinama, akichungulia, akiguna peke yake. Mimi namjua mtu huyu, ni mtu wa maneno machache. Siku hiyo alifunguka kinywa.

Injini: Njoni, njoni mwone bodi ya hii kitu! Ndefu! Kitanda cha watu wawili kinalala bapa humu. Mimi kile nakisimamisha ubavu, nakifunga kamba, upepo ukija unakivutia kwake na mimi nakivutia kwangu, tunagombania kitanda barabarani. Humu? Kinalala kama kiko chumbani.

Mimi: Basi si umeshachagua?

Injini: Ngoja kwanza! Nyeupe hujaisikia. Sikiliza mlango.

Akaufungua mlango wa nyeupe, akaufunga taratibu.

Injini: Umesikia? Haukubamiza. Umesema “mh”.

Akaurudia. Kweli ulisema “mh”. Kinyozi akaenda kuufunga yeye, ukasema “mh”. Wakili naye akaenda, mpaka Shangazi akauliza kama tumelipia huo mlango.

Kinyozi: Huo ni mlango wenye malezi.

Wakili: Ndiyo, lakini milango yenyewe minne. Minne! Mnajua maana yake? Gari lenye milango miwili ni lako. Lenye milango minne ni la ukoo. Siku Mama Vitanda akiinunua, kesho yake ataletewa mjomba asiyemjua, ameumwa jino, apelekwe. Keshokutwa harusi. Milango minne, ndugu arobaini!

Shangazi: Hilo ni kweli kabisa. Mimi mwenyewe ningeenda.

Kinyozi: Basi ndugu wapande, si wanaketi ndani? Shida ya ya bluu ni kubwa zaidi, ila nyinyi hamuioni. Dereva wa ya bluu anakaa karibu mno na mzigo.

Mimi: Na mzigo una nini?

Kinyozi: Vitanda, bwana! Mtu anabeba vitanda asubuhi mpaka jioni, vimemlalia kisogoni, kuna kioo chembamba tu katikati. Usingizi utakosa pa kupita? Lazima umwingie. Kebini mbili inamweka mbali. Ile siti ya nyuma ni ukuta wa kuzuia usingizi.

Wakili: Hapo umenena. Ndiyo maana wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka.

Hakuna aliyeuliza nyoka ameingiaje. Mimi nilimgeukia Injini.

Mimi: Injini, wewe umevuta vitanda miaka yote hii. Usingizi umewahi kukushika?

Injini: Mara moja. Mteja alichelewa kurudi nyumbani, nikajiegesha juu ya kitanda chake nje ya mlango. Kufumbua macho, mtaa mzima umenizunguka wanauliza kitanda kinauzwa na mtu wake au peke yake.

Tulicheka mpaka ubao ukayumba na Wakili akashika ukuta. Nikaona zamu yangu imefika, kwa sababu mimi nimeshika soli za mtaa huu wote na gari nalo linakanyaga chini kama watu wengine. Nikapiga magoti nikakagua tairi.

Mimi: Ya bluu imelika upande wa nje, kama kiatu cha mtu mwenye matege. Nyeupe imelika ndani. Na mimi nawaambia, katika kazi yangu yote, sijawahi kuona mtu anayekanyaga nje akawa bahili. Wanaokanyaga ndani ndio wanaorudi kubisha baada ya kushonewa.

Kinyozi: Kwa hiyo ya bluu ni karimu?

Mimi: Itakula mafuta kidogo. Kwa roho yake tu.

Kinyozi: Haya, sasa wazimu umeingia kijiweni.

Wakili: Kaeni kimya, mimi nina hoja ya mwisho. Nyeupe iko juu sana. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma! Mama wa watu atapandaje na gauni?

Shangazi: Mama yule anapanda darini na msumeno mkononi. Ashindwe na pikapu?

Wakili akashusha kidole. Kuhusu Mama Vitanda hatubishani, tunamheshimu wote. Mimi nalalia kitanda chake, Kinyozi ameolea kitanda chake, na Wakili anasema siku akifa wamwache palepale juu yake mpaka watu wa mbali wafike.

Injini alikuwa amepanda ndani ya bodi ya bluu. Alilala chali, akafumba macho, akageuka kulia, akageuka kushoto, vile vile anavyofanya bosi wake. Kisha akaketi, akatazama juu kule barabara inakopandia zahanati.

Injini: Mnakijua kile kilima?

Tunakijua. Kila mtu anajua Injini anavyokipanda: anaegemeza kifua kwenye mti wa mkokoteni, uso karibu uguse lami, hatua moja, anapumua, hatua nyingine. Watoto wa shule huwa wanamsukumia nyuma wakiimba. Na hajawahi kuangusha kitanda. Hata kimoja. Hata mvua ile iliyobeba vibanda, alifika nacho amekifunika kwa shati lake. Nasema wazi, hakuna mwanaume ninayemvulia kofia mtaani hapa kumzidi yeye.

Injini: Hii kitu itakipanda huku inaongea na watu. Itakipanda, itashuka, itakipanda tena, na mimi bado nipo nusu ya kwanza nashika kiuno. Bweni zima litajaa kwa siku chache tu! Jamani, aliyetengeneza hizi gari alikaa chini akafikiria. Angalieni ndoano za kufungia kamba hizi. Alijua kabisa kwamba kuna mtu ana kitanda.

Macho yalikuwa yanamng’aa. Tukainuka wote tukaenda kutazama ndoano.

Tuliporudi kwenye ubao tulimkuta dada mmoja ameketi mwisho kabisa, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, kisigino kimeachia. Alisema amehamia mtaa wa nyuma juzi. Nikachukua gundi nikaanza kazi, na Kinyozi, ambaye hawezi kukaa na siri ya mtu mwingine, akamsimulia yote: vitanda, bweni, kilima, milango inayosema “mh”, na jinsi Injini alivyopewa kuchagua. Mgeni huyo akasikiliza vizuri. Mama Vitanda naye akafika, vumbi la mbao nywele zote, akifuta mikono kwenye aproni.

Mama Vitanda: Haya, wajumbe. Kaka, umechagua?

Injini: (akiruka chini) Dada, nimechagua! Ya bluu. Nyeupe ina adabu zake, sikatai, lakini kitanda kinataka kulala bapa. Ya bluu.

Kinyozi: Usingizi utaua mtu!

Wakili: Mimi nakata rufaa.

Mama Vitanda: Ya bluu basi. Kaka kasema.

Mgeni: Samahani, naomba kuuliza. Huyu kaka ndiye anayevuta vitanda sasa hivi?

Sote: (kwa fahari) Ndiye!

Mgeni: Kwa hiyo gari likishaanza kubeba vitanda, yeye atafanya kazi gani?

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza tu, kama mtu anavyouliza saa.

Wakili akainua kidole. Kikakaa hewani, kikarudi chini chenyewe. Mimi nilikuwa nimeshikilia kisigino kwenye gundi na nikaendelea kukishikilia muda mrefu baada ya kukauka, kwa sababu niliona aibu kuinua uso. Asubuhi nzima, jamani! Tumehesabia gari ndugu wa kufikirika, tumelipatia roho, tumelipatia malezi, na mtu wa kweli kasimama mbele yetu.

Injini alicheka. “Mimi?” akasema, akacheka tena, na cheko la pili halikumalizika.

Mama Vitanda: Kaka. Haki ya Mungu sikuliwaza hilo. Nilikupa wewe uchague, na sikuliwaza.

Injini: Hata mimi sikuliwaza, dada. Ni nzuri mno hizi gari.

Alisema hivyo na mkono wake ulikuwa bado uko juu ya bodi ya bluu, anaipapasa. Shangazi akajifuta macho kwa kanga akasingizia moshi wa jiko.

Wenye magari wakatokea wakichokonoa meno. Mmoja akauliza ni ipi, mwenzake akarusha funguo juu na kuzidaka.

Mama Vitanda: Nisubirini.

Mwenye gari: Mama, tuna mteja mwingine anazitaka zote. Tukiondoka tumeondoka.

Tukamtazama Mama. Bweni zima lilikuwa linategemea jibu lake, na yeye alijua kuliko sisi.

Mama Vitanda: Nimesema subirini. Mkishindwa, safari njema.

Akaja kwenye ubao. Miaka yote aliyopita hapa akitusalimia, hajawahi kukaa. Siku zote ana kazi. Akamsukuma Wakili kwa kiuno, Wakili akasogea bila rufaa yoyote. Akapigapiga ubao kwa kiganja, hapo ubavuni pake, kumwonyesha Injini pa kukaa.

Mama Vitanda: Kaa. Tuanze upya. Nilikuuliza gari, nikakosea swali. Wewe mwenyewe, katika kazi hii yote, unapenda nini?

Injini akakaa kwa ncha, kama mtu aliyeitwa ofisini. Akafikiria. Nadhani hajawahi kuulizwa.

Injini: Kuvuta sipendi. Kile kilima nakichukia. Napenda ukifika. Unagonga, mlango unafunguliwa, na kabla hawajasema kitu watoto wameshakiona kitanda. Hapo ndipo ninapopapenda.

Mama Vitanda: Basi hapo hatumpi mtu mwingine. Sasa nieleze tutafanyaje, mimi na wewe. Polepole. Sina haraka.

Honi ikapigwa, ya nyeupe kwanza, kisha ya bluu. Mama Vitanda hakugeuka.