Siku Nilipozibiwa Mlango: Kumuaga Bi Mwanakheri

Mheshimiwa mgeni rasmi, Ndugu Mwenyekiti wa Tawi, mafundi na vibarua wenzangu, na wewe Bi Mwanakheri, mtunza bohari wetu unayestaafu leo: assalamu alaykum.

Nimeombwa nimsifu. Siwezi kumsifu bila ya kujiaibisha, basi nistahamilieni.

Mwaka 1968 nilikuwa msimamizi wa ujenzi wa skuli kule Mbweni. Nilitundika ratiba yenye mistari ya rangi: msingi wiki tatu, kuta wiki nne, paa wiki mbili. Nani kati yenu sikumburura kuja kuitazama? Hata mama mkwe nilimleta.

Wiki ya sita kuta zilikuwa bado magotini, na masika yanabisha hodi. Nikapiga hesabu: watu ishirini wamechelewa, arubaini watawahi. Kumbe wapya hawajapata kushika timazi ya kunyooshea ukuta! Mafundi wakaacha kujenga wakawafundisha, kuta zikapinda, tukazivunja, tukazidi kuchelewa. Nami nikafanya nini? Nikaongeza ishirini wengine. Foleni ya uji ikawa ndefu kuliko ukuta.

Bi Mwanakheri akaniita, akachora duara kwa chaki kwenye mlango wa bohari.

"Ukichelewa, unaongeza watu. Wageni wanakosea. Makosa unayavunja. Ukivunja, unachelewa. Haya Bwana Msabah, nionyeshe pa kutokea."

"Bibi, ratiba yangu haina duara."

"Ratiba yako inakwenda mbele, mwanangu. Sisi tunazunguka. Warejeshe hao wapya makwao."

Nilinuna, nikajifungia katika chumba cha mwalimu mkuu, chumba pekee kilichokwisha kuta, nikachora mistari mipya. Niliponyanyua kichwa, vibarua wameuziba mlango kwa matofali.

"Jamani, nimo ndani!"

"Umesema tuharakishe, bwana!"

Aliyenivuta dirishani ni Bi Mwanakheri, suruali yangu ikabakia msumarini. Akanitupia gunia tupu la saruji nijifunge, wala hakucheka. Nikamwambia, "Nimekubali, bibi." Siku ya pili nikawaaga wapya wote. Ishirini wa mwanzo wakauzibua ule mlango, kisha wakajenga taratibu, bila ya kuvunja tena hata tofali moja, na bati la mwisho likapigiliwa siku mbili kabla ya mvua.

Siku ya ufunguzi nilipongezwa mimi kwa akili nyingi, nikapokea na mkono nikapewa. Bi Mwanakheri alikuwa safu ya nyuma, akinipigia makofi.

Bi Mwanakheri, simama. Pongezi zile zilikuwa zako. Ndugu zangu, makofi yenu mpeni yeye. Mimi nakushukuruni kwa masikio.