Mama Eufrasia wa Mipini na Suala la Nyundo

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 2000, Mama Eufrasia Sendegeya anastaafu katika Karakana ya Ushirika wa Wahunzi, Ujiji, baada ya kuitumikia miaka ishirini na minane. Meneja wetu, Bwana Nathaniel, ambaye ametoka Moshi na anapenda kila jambo liandikwe, aliuliza nani ataandika wasifu wake kwa ajili ya kijarida cha leo. Watu wakanitazama mimi. Shule nilikaa kidogo tu, walimu wakanishindwa, lakini kwa wahunzi waliobaki hai kati ya Ilagala na Mwamgongo hakuna anayenipita, na Mama Eufrasia nimefanya naye kazi tangu siku yake ya kwanza. Kwa hiyo naandika. Aliyesoma zaidi arekebishe nukta, maneno ayaache.

Alizaliwa Simbo, akaletwa Ujiji na ndoa. Aliingia karakana mwaka 1972, mwaka ule ndugu zetu wa Burundi walipoanza kuvuka kwa wingi, majembe yakatakiwa mpaka makaa yakaadimika mjini. Hakuajiriwa kushika chuma. Aliajiriwa kufagia na kutupikia maharage, na hapo ndipo historia yake ilipoanza vibaya.

Kisu kikishafuliwa hurudishwa motoni, kikiiva rangi ya chungwa kinazamishwa kwenye mawese. Maji hayafai, hukipasua. Debe la mawese hayo hukaa kando ya tanuru, nayo hayaliwi, yamekwisha kumeza vyuma vya miaka. Siku moja mawese ya jikoni yalimwishia Mama Eufrasia, akaona debe limekaa bure, akachota. Tulikuwa na mgeni kutoka wilayani. Mgeni yule alikula sahani mbili akasifu mpishi. Sisi wenye kujua tuliangaliana, kisha tukala, maana maharage yalikuwa yameiva vizuri na njaa haina aibu. Jioni uongozi ulimwondoa jikoni ukampeleka kwenye mipini. Debe likatiwa kufuli. Ufunguo, kwa sababu ambayo hakuna anayeikumbuka, akapewa yeye.

Kwenye mipini alitulia. Wengine hudhani kisu kimekwisha kikitoka kwa mhunzi, na mimi zamani nilikuwa nawaambia hivyo. Kikitoka kwangu bado ni cheusi, kina magamba ya moto. Mama Eufrasia alikipiga tupa mpaka kikang'aa, akakipitisha msasa, akachonga mpini wa mti wa mkurungu, akaupigilia ribiti za waya wa shaba, halafu akakinoa kwenye kinoo chake alichokiokota Kibirizi, jiwe la ziwani ambalo hataki mtu alikalie. Kunoa kulimchukua muda mrefu kuliko mimi kufua, na mdomo nao haukupumzika. Wauza dagaa walijua kwamba ukitaka habari za mji mzima, peleka kisu kwa Mama Erica. Hivyo ndivyo tunavyomwita, kwa jina la bintiye.

Namna yake ya kupima makali inajulikana. Hukamata mkono wa mwanamume aliye karibu, bila kuomba, akanyoa. Mgeni akija hapa leo atawatambua wahunzi wa karakana hii kwa mkono wa kushoto wenye upara. Mhunzi mwenzangu, Mzee Martini, aliwahi kumlalamikia kwamba mke wake nyumbani anauliza maswali. Mama Eufrasia akamjibu, "Mwambie unafanya kazi. Atashangaa, lakini mwambie."

Sasa jambo lenyewe. Karakana yetu ina desturi. Mhunzi akistaafu, huondoka na nyundo, nayo hukabidhiwa mbele ya watu, ili akifungua tanuru lake popote wateja wajue ametoka wapi. Fundi wa mipini akistaafu, huondoka na vitenge na seti ya sahani. Mama Eufrasia alikuwa anataka nyundo. Alikuwa akisema waziwazi, miaka yote, kwamba akizeeka atafungua tanuru Simbo afue visu vya jikoni, na kwamba bila nyundo ya Ujiji hakuna atakayenunua kisu kwa mwanamke. Kila mwaka aliomba asimame kwenye fuawe, kile chuma tunachofulia juu yake. Kila mwaka wazee tulikataa. Mimi nilikataa kwa sauti kubwa kuliko wote. Nilimwambia nyundo ni ya anayefua, na wewe hufui. Akaniambia, "Sawa, Baba Bariki. Vitenge ninavyo, lakini sawa."

Ikaja miaka hii ya karibuni ambayo kila mtu Kigoma anaifahamu. Warundi kwanza, halafu mwaka wa tisini na sita wakaja watu wa Kongo kwa maboti na mitumbwi, watoto wamefungwa migongoni, sufuria kichwani, wengine hata sufuria hawana. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata shirika moja la misaada likatuagiza visu vya jikoni vya kugawa makambini, kila kaya kimoja. Masharti yao yalikuwa kwamba ncha ziwe za duara, ili kisu kikate muhogo kisikate mtu. Mimi nilisema kisu cha namna hiyo ni mwiko wa chuma. Lakini nilivifua, na vya duara nilivyofua mimi vilikuwa vizuri kuliko vyenye ncha vya wengine.

Shida ilikuwa watu. Wahunzi wetu wawili walikuwa wamekwenda kuendesha malori ya makambini, mshahara ulikuwa mtamu. Tulibaki mimi na Mzee Martini. Mama Eufrasia akasema, "Mimi nipo." Tukamwambia ashughulikie mipini. Mchana tulikuwa tunakwenda kula ugali na migebuka, samaki wa ziwa letu, kwa mama ntilie, halafu bao, na bao la Mzee Martini haliishi haraka kwa kuwa akishindwa anataka tena. Tukirudi, tulikuta visu vimeongezeka. Mzee Martini alidhani ni vyangu. Mimi nilidhani nafanya kazi haraka kiasi kwamba nasahau. Oda ikakamilika, shirika likafurahi, tukapongezwa sisi wawili. Mama Eufrasia alipiga makofi pamoja na wenzake.

Mwezi wa nne mwaka huu alikuja mama mmoja Mrundi, Agnesi, mwenye kibali cha kuja sokoni, akataka kisu chake kinolewe. Alikuwa amekimbia kutoka Makamba, kule Burundi. Kilikuwa kimoja cha vile vya duara. Makali yameliwa mpaka bapa la kisu limekuwa jembamba kama mgebuka wa kiangazi, lakini mpini haukuchezacheza hata kidogo. Hilo si la kawaida. Visu vyetu vyote, nasema vyote, mpini hulegea ukipita mwaka wa pili.

"Hiki ni mkono wangu," akasema Mzee Martini. "Nakumbuka mpaka siku niliyokifua. Mvua ilikuwa inanyesha."

Nikamwambia si wake. Akasema basi ni wa nani, wako? Nikamwambia wangu ungekuwa mzuri zaidi. Tukabishana mpaka Agnesi akaomba kisu chake. Mimi ni mtu wa kumaliza jambo, nikasema tuutoe mpini tuone ndani. Ukakataa kutoka. Nikavuta kwa koleo, ukakataa. Ikabidi tuupasue kwa tindo.

Mkia wa kisu, ile sehemu inayozama ndani ya mpini, sisi wahunzi huuacha umenyooka kama msumari, kwa sababu mpini si kazi yetu. Huu ulikuwa umekunjwa kama ndoana, tena umepigwa meno meno pande zote mbili ukiwa bado mwekundu. Mkia wa namna ile hauwezi kufuliwa na mtu ambaye hajawahi kurudishiwa kisu kilichochomoka mpini, akatukanwa na muuza samaki. Mimi sijawahi kurudishiwa. Mzee Martini naye hajawahi. Vyote vilikuwa vinarudishwa kwa mtu mmoja.

Tukageuka. Mama Eufrasia alikuwa kwenye kinoo chake, ananoa, hajainua kichwa.

"Mama Erica," nikamwita. "Huu mkia ni wa nani?"

"Ninyi si mlikuwa mnabishana? Malizeni."

"Nakuuliza wewe."

"Msipasue vitu vya watu," akasema. "Mama wa watu ametoka kambini na kisu kizima, sasa ana vipande. Nani atamchongea mpini mwingine?"

"Wewe."

"Basi kileteni hapa, na mkia wangu."

Agnesi akauliza kama ni yeye aliyekitengeneza. Mama Eufrasia akamjibu kwa Kirundi kifupi tu, "Ego," yaani ndiyo. Yule mama akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akatuambia kwamba kwenye safu yao ya mahema kisu hicho kiliazimwa na kila nyumba, kwa sababu vingine vyote vilikuwa vimebaki chuma bila mpini.

Wiki ile ile Bwana Nathaniel akaitisha kikao cha zawadi ya kustaafu. Mzee Martini alikuwa upande wa vitenge. Hoja yake ilikuwa kwamba aliyefua kwa kujiiba mchana hakufua kwa ruhusa, na kwamba kisu kimoja si ushahidi. Akataka afue mbele yetu. Mama Eufrasia akafua mbele yetu. Alikata kipande cha springi ya lori, akakanyaga mwenyewe mivukuto ya kupulizia moto, akapiga polepole, bila fujo, akifuata rangi ya chuma na si maneno ya watu, na maneno yalikuwa mengi. Mawese yalikuwa yameganda kwa baridi ya asubuhi. Mzee Martini aliona akanyamaza, akitegemea atasahau. Hakusahau. Alitia kwanza kipande cha chuma cha moto ndani ya debe, mawese yakayeyuka, ndipo akazamisha kisu. Akakirudisha juu ya makaa mpaka kikashika rangi ya asali, akakitoa. Kisu hakikupinda wala kupasuka. Mkia akaukunja ndoana, akamwonyesha Mzee Martini kwa karibu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Kikao kikaniuliza mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nakataa kwa miaka yote hiyo. Wakadhani nitabadilika. Mimi sibadiliki, anayenijua anajua. Nilisema zamani kwamba nyundo ni ya anayefua, na nasema hivyo hivyo leo. Kafua. Nyundo ni yake. Mzee Martini akasema, "Haya, lakini vitenge je, vimekwisha nunuliwa." Vitenge atachukua yeye ampelekee mkewe. Vitajibu yale maswali.

Ikabaki nyundo ipi. Wakataka kununua mpya. Nikakataa. Nyundo aliyofulia mchana mwaka ule ilikuwa yangu, nyingine zilikuwa nzito kwake. Mwaka mzima ule niliona mpini wa nyundo yangu umekazwa vizuri kila ninaporudi kutoka kwenye bao, nikadhani karakana inaniheshimu. Basi ndiyo hiyo atakayokabidhiwa leo mbele yenu. Ni nyundo nzuri sana. Mimi nitajifulia nyingine.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote tunamshukuru kwa mipini, kwa makali, kwa habari za mji, na kwa maharage, ukiondoa ya siku moja. Mhunzi Eufrasia Sendegeya, nenda Simbo na afya yako, wajukuu wakuzunguke, na tanuru lako lisikose makaa. Mteja akikuuliza nani alikufundisha kufua, mwambie ni Mzee Dismasi wa Ujiji. Si kweli, lakini kisu kitanunuliwa.

Dismasi Ntahondi, mhunzi