Kichwa cha Kulungu Juu ya Kitanda cha Mtoto

Benchi letu liko nje ya duka la vifaa vya ujenzi, katika mji wa mwisho kaskazini mwa jimbo la Maine, Marekani, kabla ya kuvuka kwenda Kanada. Asubuhi ile tulikuwa wanne: mimi, Roscoe fundi mstaafu tunayemwita Rula, Clovis tunayemwita Sumaku, na Alden, ambaye tumeacha kumwita kwa jina la utani tangu amzike mwanawe Lucien mwezi Machi. Mkwewe Noelle, mjane wa Lucien, amehamia kwake na kichanga. Alden alitaka kutundika kwenye chumba cha mtoto kichwa kilichokaushwa cha kulungu ambaye Lucien alimwinda, na mapembe yake yote. Watu wawili hukibeba kwa taabu. Akishindwa kupata nguzo ya mbao ndani ya ukuta, skrubu zitashika lipu tupu, na lipu haibebi mzigo.

Rula alikuwa na jibu lake la miaka yote: anzia kona, pima inchi kumi na sita, hapo ndipo nguzo ilipo.

— Nimepima, akasema Alden. Nimetoboa mara tano, napata hewa.

— Basi hukuanzia kona.

— Rula, nyumba ile aliijenga babu yangu kwa mbao za banda lililobomolewa. Aliweka nguzo alipojisikia.

Nikamuuliza kuhusu kile kidude cha taa kinacholia kikipita juu ya mbao. Akasema kinalia ukuta mzima. Clovis akacheka kwa dharau, akatoa sumaku iliyofungwa uzi. Nyuma ya lipu ya zamani kuna fito, akasema, na fito zimepigiliwa misumari kwenye nguzo; uzi ukivutwa, umefika. Ushauri ule ulikuwa mzuri, laiti angeishia hapo. Lakini kahawa ilikuwa bado moto, akaongeza kwamba marehemu shangazi yake alizipata nguzo kwa kulaza shavu ukutani na kusikiliza upepo.

— Shangazi yako alikuwa kiziwi, bwana, akasema Rula.

— Ndiyo maana alitumia shavu.

Rula naye hakukubali kushindwa. Akataka tuzime jiko la kupasha nyumba joto usiku wa baridi kali, alfajiri tukague umande unavyoshika ukutani, maana penye nguzo hapashiki sawa na pengine. Nikamkumbusha kuna mtoto mchanga mle ndani. Akasema mtoto wa Lucien hawezi kuogopa baridi. Alden hakucheka. Alikuwa anazungusha kikombe chake bila kunywa.

Noelle akatoka dukani na kopo la rangi, mtoto amefungwa kifuani. Akasimama akitusikiliza.

— Baba, unataka kukitundika upande gani?

— Juu ya kitanda chake. Babake awe anamwangalia.

Noelle akatutazama sote, mmoja mmoja. Hakuwa na hasira.

— Nani kati yenu angelala chini yake?

Clovis akairudisha sumaku mfukoni. Rula akajishughulisha na kamba za buti. Tulikuwa tumebishana asubuhi nzima jinsi ya kukitundika, na jambo hilo hakuna aliyelifikiria. Niliona aibu.

— Sina kitu kingine cha Lucien, akasema Alden kwa sauti ndogo. Nimpe nini?

Noelle akaliweka kopo chini, akafungua kitambaa.

— Tangu nimlete nyumbani hujampakata hata siku moja. Unapita mlangoni na futi, unapima ukuta, unaondoka.

— Mikono yangu mizito, mwanangu.

— Hata kama mizito. Mshike.

Akamweka mtoto mapajani mwa Alden, akarudi dukani kuchukua brashi. Alden alikaa amejikaza, akaogopa hata kuegemea benchi. Mtoto akafungua macho, akamtazama. Mzee wa watu akaanza kulia, na sisi tukageuka tukaangalia barabara.