Kaburi la Mwanzilishi

BABU: Haloo, sema upesi, niko juu ya paa. Nani wewe?

MJUKUU: Ni mimi, babu, mjukuu wako wa mjini. Shikamoo.

BABU: Marahaba. Leo jua limechomoza upande gani?

MJUKUU: Babu, shuka kwanza, ukae—

BABU: Nikishuka, mtandao unabaki huku juu. Sema.

MJUKUU: Tunakuja huko leo, basi zima la wageni. Tumesimama kujaza mafuta, nimejibanza nyuma ya choo. Bosi anataka waone historia ya kijiji na vivutio vyake.

BABU: Vivutio? Hapa kwetu?

MJUKUU: Niliwasimulia habari ya gurudumu. Kwamba ulikuwa unawahamishia watu mjini, gurudumu la mkokoteni likavunjika hapo kilimani, taa za mji mnaziona kabisa, ukasema mlale, kesho mtaendelea—

BABU: Na tutaendelea. Nilisema kesho, sikusema kesho ipi.

MJUKUU: Gurudumu lenyewe bado lipo?

BABU: Lipo. Kuku wanataga humo.

MJUKUU: Waondoe, babu. Halafu kuna… (mtandao unakwaruza) …kaburi.

BABU: Kuna nini?

MJUKUU: Kaburi. La mwanzilishi wa kijiji.

BABU: Mwanzilishi si mimi?

MJUKUU: Ndiyo, babu.

BABU: Hebu nifafanulie taratibu. Nimeshika bati kwa mkono mmoja.

MJUKUU: Mwaka jana niliomba ruhusa kazini, wakaninyima. Nikasema nimefiwa.

BABU: Ukaniua.

MJUKUU: Kwa wengine wanatoa siku mbili tu. Kwako walinipa wiki nzima.

BABU: Wiki nzima? Kumbe nilithaminiwa.

MJUKUU: Bosi alilia, babu. Akasema mtu kama huyo, kaburi lake ni kivutio. Leo anakuja na shada la maua. Akikuona hapo juu ya paa, kazi sina. Na kazi nyingine sijui nitaitoa wapi.

BABU: Usihangaike. Nyuma ya banda la mbuzi nina tuta la viazi. Nikilichonga kidogo linakuwa kaburi zuri tu. Nitalala kando yake nipime urefu.

MJUKUU: Ahsante, babu. Mungu akupe maisha ma—

BABU: Subiri. Jirani amesikia, ameanza kulia. (Kwa mbali: Acha, mama, ni kwa ajili ya wageni.) Anasema nilikuwa mtu mwema. Miaka yote hiyo hajawahi kuniambia.

MJUKUU: Wakifika ujifungie ndani, tafadhali.

BABU: Niukose msiba wangu? Nitatoka kama mdogo wake marehemu.

MJUKUU: Picha yako iko ofisini, babu. Watakutambua—

BABU: Ndugu hufanana. Nami nitalia kuliko wote. Ila nikuulize jambo moja.

MJUKUU: Niulize.

BABU: Hiyo wiki ya kunizika uliitumia wapi? Maana huku hukuonekana.

(Basi linapiga honi.)

MJUKUU: Matembezini. Na washikaji.

BABU: Ahaa.

MJUKUU: Babu—

BABU: Jioni nikikaa mlangoni nazitazama hizo taa zenu. Kila siku najiambia mojawapo ni yako. Nikiwa hai hukuja hata kunywa maji. Nimekufa, unaniletea basi zima na maua. Mimi nafurahi, usidhani nakulaumu. Nakuomba tu pale kaburini usiwaharakishe wageni.

MJUKUU: Babu, usiongee hivyo.

BABU: Kwani uongo?

MJUKUU: Salio linaniishia. Na bosi huyu hapa, anauliza naongea na nani—

BABU: Mwambie mdogo wake marehemu.

MJUKUU: Bosi, naongea na… (mtandao unakwaruza) …ni babu. Babu mwenyewe, bosi. Hajafa, nilidanganya. Babu, umesikia? Usichimbe kitu. Kaa hapo mlangoni uningoje, nakuja kukuona we—

(Simu inakatika.)

BABU: Haloo? Hapo mwisho sijakusikia. Haloo? … Salio limemwishia. Mama, nishikie ngazi nishuke, na hilo jembe liweke karibu. Mjukuu wangu yuko njiani na wageni wake, na mimi mpaka saa hizi sijazikwa.