Wosia Uliosemwa Kwenye Benchi

Tulieni, ndugu zangu, mlioketi na mliosimama. Tegeni masikio kama watu walio mbele za Mungu, kwa maana jambo hili halikutokea nchi ya mbali. Limetokea hapa Mbinga, kwenye benchi lililo mkabala na ghala la mnunuzi binafsi wa kahawa, ambapo wanaume hubishana kutwa tangu soko la kahawa lilipofunguliwa kwa watu binafsi. Asubuhi hiyo walikuwa watatu: Gaudence, aitwaye Wakili kwa kuwa aliwahi kuwa mzee wa baraza mahakamani, Salvatory, aitwaye Soko Huria, wakala wa wanunuzi, na Pankras seremala, aitwaye Askofu, ambaye kanisani huonekana Pasaka tu. Mimi, katekista, niliketi mwisho wa benchi nikisubiri gari. Kahawa ilipoa mikononi mwao.

Mwenzao Othmar alikuwa amezikwa. Na jana yake, matanga yalipoanuliwa, kikao cha ukoo kilimpa ndugu yake, Aidan, nyumba na shamba la kahawa la Mkumbi. Lukresia, aliyeishi na marehemu miaka mingi bila ndoa, akapalilia mibuni ile na kuchimba mashimo ya ngolo ya kuzuia mmomonyoko mlimani kwa mikono yake, aliambiwa arudi kwao Lipingo, ziwani, pamoja na watoto wake. Kufuli likawekwa mlangoni. Magodoro ya watoto yalilala uani, kwenye umande.

— Lakini Othmar alisema hapa hapa kwamba kila kitu ni cha Lukresia, akasema Pankras. Sote watatu tulisikia.

— Na sisi ni nani kwake? akajibu Gaudence. Wosia wa mdomo, kimila, unataka watu wa ukoo wawepo, na wa nje pia. Siku ile ukoo ulikuwa wapi?

Ndipo ubishi ukawaka. Salvatory alidai kwamba ardhi ni ya ukoo lakini mti ni wa aliyeupanda. Basi Lukresia aing'oe mibuni yote akaipande Lipingo. Wakamuuliza ni lini ameona kahawa ikistawi kwenye mchanga wa kuanikia dagaa wa usipa. Gaudence, msomi wao, akaona heri padri aombwe afungishe ndoa kaburini, kwa kuwa Othmar hana tena namna ya kukataa.

— Hata alipokuwa hai hakukataa, Wakili, akasema Pankras. Alisema baada ya mavuno.

— Mavuno yapi?

— Yote, akasema Salvatory.

Pankras akasimama. Akataka wajitangaze kuwa ukoo, wao waliokunywa birika moja na marehemu kuliko Aidan alivyowahi, wapande Mkumbi, wakitangue kikao kile na kuitisha chao. Nilitazama kama anatania. Hakuwa akitania.

Wakiwa katika hayo, Lukresia akatokea, miguu imejaa vumbi la njia.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, mama. Pole sana.

— Nimeambiwa mlimsikia.

— Tulimsikia, akasema Pankras. Kwa masikio haya.

— Alipoyasema hapa, mbona hamkumwambia akayaseme nyumbani?

Wakili alinyanyuka akamsindikiza mahakamani, kwa maana sheria huweza kuwahesabu waliokaa pamoja muda mrefu kuwa mke na mume. Lakini njia hiyo ni ndefu, na watoto wale walihitaji paa usiku ule ule.

Enyi wanaume, nawapenda, kwa hiyo sitawabembeleza. Mungu amhurumiaye mjane hatauliza mlisema nini mbele ya rafiki zenu. Gaudence, una nyumba mbili, na kila moja inadhani ndiyo pekee. Salvatory, yule mwalimu aliyeletwa na kazi kutoka mkoa mwingine anapika kwako mwaka wa sita, na hujampeleka kanisani wala bomani. Pankras, huna mtoto. Unadhani ukifa, nani atamfungulia mkeo mlango?

Inukeni. Mwite mke wako. Mwite ndugu yako, hata yule unayemwogopa, na jirani asiye wa ukoo. Sema mbele yao wote nani atabaki na nini, kisha yaandikwe, mtie sahihi. Aliyekaa bila ndoa na afunge ndoa. Usingoje homa ikulaze. Nenda leo, ukaseme ungali na ulimi.