Chupa Iliyotema

Mwalimu Melania Jilala anastaafu Juni 30, 2025, baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha darasa la awali, kwanza Segese, kisha hapa kwetu Rwamgasa. Wengi tunamwita Mama Nelly. Watoto wanamwita Mwalimu wa Fuwele.

Fuwele ni vile vijiwe ving'avu, vyenye pande nyoofu, vinavyojijenga ndani ya maji yaliyoshiba chumvi au shabu. Mama Nelly hakuwa na maabara. Alikuwa na chupa tupu za jemu, uzi wa kushonea, na shabu ya dukani kwa Mumtaz, ileile wanaume wanayopakwa baada ya kunyolewa ndevu. Nyumbani, mzazi huchemsha maji, mtoto hukoroga shabu mpaka igome kuyeyuka, uzi huning'inizwa kwenye kijiti, chupa huwekwa mahali patulivu. Baada ya hapo kazi ni moja tu: kutoigusa. Kwa mtoto wa miaka mitano, hakuna mtihani mgumu kuliko huo.

Tuliokuwepo hatujasahau Machi 2016. Loveness, binti wa mchimbaji Boaz, aliamka akakuta kijiwe kwenye uzi wake, akatoka mbio uani akipiga kelele: "Baba, chupa yangu imetema!"

Rwamgasa neno hilo halichezewi. Duara, yaani shimo la mgodi, likitema, dhahabu imeonekana. Majirani wakafika na sururu na mabeseni. Baba Loveness, bila kuuliza ni chupa gani, akaanza kuchimba sakafu ya jiko. Chupa ikapinduka. Kinyozi Masele akaokota kijiwe, akakiramba, akakunja uso. "Jamani, hii shabu! Baba Loveness, leta kidevu!"

Kicheko kile kilimchoma Boaz. Akaapa kwamba binti yake harudi kwenye shule ya kuotesha mawe. Atakwenda mwaloni kusaidia kuosha mchanga wa dhahabu, kulekule kwenye zebaki.

Mama Nelly alifika jioni. Hakubishana. Alimpa Boaz chupa nyingine, uzi na shabu, akamwomba aoteshe mwenyewe pamoja na mtoto. Ikikataa, amchukue. Ikikubali, Loveness arudi darasani.

Mtu ambaye hajawahi kuliacha shimo lipumzike akageuka mlinzi wa chupa ya jemu. Alikataza watu kutwanga karibu nayo. Yeye mwenyewe aliponyoosha kidole, Loveness alimchapa mkono: "Baba, utaiharibu!" Asubuhi moja tulimwona akiingia getini, binti begani, na kiganjani fuwele kubwa kama jino la ng'ombe. Kabla ya kutusalimia, alitaka kwanza tuitazame.

Tangu hapo darasa la awali, lililokuwa likipungua kila duara jipya lilipofunguliwa, halijapungua tena. Wazazi huja wenyewe na chupa. Hiyo ndiyo kazi ya Mama Nelly, nasi tunajivunia kusema tulifundisha naye.

Loveness sasa yuko kidato cha pili, na leo ndiye atakayekabidhi zawadi yetu: chupa ya jemu, uzi ukiwa tayari majini. Maji amechemsha baba yake.

Wabeja, asante sana, Mama Nelly, kwa watoto wetu wote. Tunakutakia maisha mema na marefu huko nyumbani Ushirombo. Barabara ina matuta. Tafadhali, chupa uipakate mwenyewe, wala usiitikise.